Mwalimu wa Michezo: Maisha ya James Naismith

Wako wazazi wengi ambao, mtoto wao akiwaambia kwamba ataka kwenda chuoni kusomea elimu ya viungo na ualimu wa michezo, huhuzunika kana kwamba amepotea njia. Kwao kusoma ni udaktari, ni sheria, ni uhandisi au uhasibu. Michezo ni jambo la jioni baada ya kazi, na mtu wa kuifundisha hahitaji kitu ila filimbi na sauti kubwa. Dhana hii ni ya zamani, wala haikuanza kwetu. Leo tumeona vema kuwaeleza wasomaji maisha ya mtu mmoja aliyeambiwa maneno hayo hayo katika ujana wake zaidi ya miaka 130 iliyopita, naye hakujibu kwa ubishi bali kwa kazi. Mtu huyo ni James Naismith, aliyeuanzisha mchezo wa mpira wa kikapu.

Naismith alizaliwa tarehe 6 Novemba 1861, karibu na mji mdogo wa Almonte katika jimbo la Ontario, nchini Kanada. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Scotland, watu wa kazi za mikono. Mwaka 1870, alipokuwa mtoto wa miaka 9 tu, homa ya matumbo iliwachukua baba na mama yake katika muda wa majuma machache. Yeye, dada yake Annie na ndugu yake Robert walibaki yatima. Walilelewa na bibi yao, na baadaye na mjomba wao Peter Young, mtu mkali mwenye haki, ambaye kwake kila mtoto alikuwa na kazi yake na hakuna aliyesamehewa.

Watoto wa Almonte hawakuwa na vifaa vya michezo. Walicheza kwa vile walivyoviona chini. Mchezo mmoja waliuita bata juu ya jiwe. Mtoto aliweka jiwe dogo juu ya jiwe kubwa, na wenzake walisimama mbali wakijaribu kuliangusha kwa mawe yao. Aliyerusha kwa nguvu na kukosa, jiwe lake lilikwenda mbali, naye alikamatwa kabla hajaliokota. Aliyerusha polepole, jiwe likapanda juu na kushuka, alifaulu zaidi. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Akiwa na umri wa miaka 15 aliacha shule, akaenda kukata magogo msituni na kulima. Miaka ikapita. Ndipo alipoona kwamba nguvu za mikono bila elimu zitamfikisha mahali fulani tu, akarudi shuleni akiwa kijana mkubwa kuketi pamoja na watoto. Si watu wengi wanaoweza kuimeza haya ya namna hiyo. Mwaka 1883 aliingia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, kisha akasomea dini katika Chuo cha Presbyterian mjini humo na kupata stashahada yake mwaka 1890. Nia yake ilikuwa kuwa mchungaji.

Hapo ndipo mzozo ulipoanza. Naismith alikuwa na mwili wa mtu aliyekata magogo, na wenzake wakamvuta katika mazoezi ya viungo, mpira na lakrosi, hata chuo kikamfanya mwalimu wa mazoezi. Marafiki zake wa dini walisikitika. Wakati ule watu wengi wacha Mungu waliiona michezo kuwa ni chombo cha Shetani. Inasimuliwa kwamba Jumapili moja alipanda mimbarini kuhubiri huku macho yake yote mawili yamevimba na kuwa meusi kwa sababu ya mechi ya siku iliyotangulia.

Lakini katika mechi moja mchezaji aliyekuwa karibu naye alikasirika akatoa matusi, kisha, alipokumbuka kwamba Naismith yuko hapo, akageuka akamwomba radhi. Naismith hakuwa amemwambia neno. Jambo hilo lilimfikirisha. Aliona kwamba mtu anayecheza kwa haki na kuitawala hasira yake aweza kuwafundisha vijana mahali ambapo mahubiri hayafiki. Akaamua kwamba uwanja pia ni darasa. Dada yake Annie hakukubali uamuzi huo, na yasemwa kwamba hakumsamehe kamwe kwa kuuacha uchungaji akaifuata michezo. Basi wazazi wanaohuzunika leo wajue kwamba hawakuwa wa kwanza.

Mwaka 1890 Naismith alikwenda Springfield, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kwenye chuo cha chama cha vijana wa Kikristo kiitwacho Y.M.C.A. Siku zile vyuo vya kumfundisha mtu kazi ya elimu ya viungo vilikuwa vichache mno. Chuo hiki kiliwaandaa walimu wa mazoezi na makatibu wa matawi ya chama hicho. Mkuu wa idara ya viungo alikuwa Dk. Luther Gulick, aliyeamini kwamba mwanadamu ni kama pembetatu ambayo pande zake ni roho, akili na mwili, na ambayo upande mmoja ukivunjika, umbo lote limeharibika. Kwa hiyo wanafunzi wake hawakufundishwa kuruka na kupanda kamba tu. Aliwafundisha pia elimu ya nafsi, na jinsi mtu avumbuavyo kitu. Alisema kwamba kitu kipya aghalabu ni vitu vya zamani vilivyopangwa upya.

Naismith alisoma mwaka mmoja, kisha akawekwa kuwa mwalimu. Majira ya baridi ya mwaka 1891 yalileta shida. Katika nchi hizo, theluji ikianguka, mpira wa nje hauchezeki. Vijana huingia katika jumba la mazoezi, na humo mlikuwa na kazi za kupiga gwaride, kunyosha mikono kwa hesabu na kuning'inia katika vyuma. Palikuwa na darasa moja la watu wazima 18 waliosomea ukatibu. Watu hawa walichoka na mazoezi hayo wakayachukia wazi. Walimu wawili walijaribu kuwafundisha, wakashindwa wote wawili. Katika mkutano wa walimu wengi walilaumu darasa. Naismith alisema kwamba kosa si la wanafunzi, bali ni la mafundisho yenyewe, kwa kuwa watu hawa wataka mchezo, nao wapewa amri. Gulick alimsikiliza, kisha akamkabidhi yeye darasa hilo, akampa siku 14 avumbue mchezo wa kuchezwa ndani ya nyumba.

Twaomba msomaji alitazame jambo hili kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo penye tofauti kati ya mtu anayejua kucheza na mtu aliyesomea kufundisha michezo. Anayejua kucheza, wanafunzi wakimkataa, huwaita wavivu. Aliyesomea hujiuliza mchezo una kasoro gani. Kwanza Naismith alichukua mpira wa Kimarekani wa kukamatana akaulegeza masharti, lakini wachezaji hawakuupenda ulipopunguzwa nguvu. Akaleta mpira wa miguu ndani, madirisha yakawa hatarini na watu wakaumia. Akaleta lakrosi, ikawa mbaya zaidi, maana fimbo katika nafasi finyu ni silaha. Siku zikapita, akakaribia kukubali kwamba ameshindwa. Wahenga wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliketi mezani, akaacha kutafuta mchezo wa kubadilisha, akaanza kutafuta kanuni.

Alijiuliza kwa nini wachezaji hukamatana na kuangushana. Jibu lilikuwa kwamba mwenye mpira hukimbia nao, na hapana njia ya kumzuia ila kumwangusha. Basi, akasema, asiruhusiwe kukimbia na mpira, na sababu ya kuangushana itakwisha. Alijiuliza kwa nini watu hupiga mpira kwa nguvu hata kuumizana. Jibu lilikuwa kwamba goli limesimama wima mbele yao. Basi goli lilazwe, kinywa chake kielekee juu, tena liwekwe juu ya vichwa vya watu ili wasiweze kulizunguka na kuliziba. Ndipo akakumbuka bata juu ya jiwe. Kama goli liko juu na limelala, mwenye kurusha kwa nguvu hapati kitu, naye mwenye kurusha polepole kwa shabaha ndiye atakayefaulu. Mchezo wa watoto maskini wa Almonte ukawa ufunguo.

Asubuhi akamwendea mtunza jengo kumwomba masanduku mawili. Masanduku hayakuwako, lakini vilikuwako vikapu viwili vya mafyulisi. Naismith akavigongomea kwenye ukingo wa roshani, kimoja kila upande. Ukingo ule ulikuwa na kimo cha futi 10 kutoka sakafuni, na kwa sababu hiyo tu, mpaka leo duniani kote kikapu hufungwa futi 10 juu. Akaandika masharti 13, yakapigwa chapa na kubandikwa ukutani. Mpira wa miguu ulitumika, kwa maana hapakuwa na mwingine. Tarehe 21 Desemba 1891 wale watu 18 waligawanywa, 9 kwa 9, wakaanza. Bao moja tu lilipatikana, nalo lilifungwa na William Chase kutoka mbali. Vikapu vilikuwa na vitako, hata mpira ukiingia ilibidi mtu apande ngazi kuutoa. Lakini darasa lililowashinda walimu wawili halikutaka kutoka katika jumba.

Masharti yale 13 yastahili kusomwa na kila mwalimu. Yakataza kugonga mpira kwa ngumi, kumsukuma mwenzako kwa bega, kumshika, kumtega mguu na kumpiga. Mwenye kukosa mara ya pili hutolewa mpaka bao jingine lipatikane, na akionekana amekusudia kumwumiza mwenzake hutolewa kwa mchezo wote, wala timu yake haipewi mtu badala yake. Upande mmoja ukifanya makosa matatu mfululizo, adui huhesabiwa bao. Twaona basi kwamba adabu haikuongezwa baadaye kama chumvi mezani, bali ilipikwa ndani ya mchezo tangu siku ya kwanza.

Mwanafunzi mmoja, Frank Mahan, alitaka mchezo uitwe kwa jina la mwalimu. Naismith akacheka akakataa, na Mahan akashauri uitwe mpira wa kikapu. Mwezi Januari 1892 masharti yalichapishwa katika gazeti la chuo, na wanafunzi wale, kila mmoja alipokwenda kwenye kituo chake cha kazi, alikwenda nao. Katika darasa la kwanza alikuwamo Mjapani, Genzaburo Ishikawa. Mwaka 1892 huo huo Senda Berenson, mwalimu wa viungo wa chuo cha wanawake cha Smith, aliwafundisha wasichana wake. Mwaka 1895 William Morgan, aliyesoma Springfield, alibuni mpira wa wavu. Basi chuo kimoja kidogo, katika miaka minne, kilikuwa kimeitoa michezo miwili inayochezwa leo karibu katika kila shule ya dunia. Naismith hakudai haki ya uvumbuzi wala malipo, na mchezo ule uliotajirisha wengi haukumtajirisha yeye.

Mwaka 1894 alimwoa Maude Sherman, wakapata watoto watano. Mwaka 1895 walihamia Denver, na huko, mchana akifundisha mazoezi, akasomea udaktari mpaka alipofuzu mwaka 1898, kwa kuwa aliona si haki mtu kuusimamia mwili wa mwenzake bila kuujua. Mwaka huo huo aliitwa katika Chuo Kikuu cha Kansas, mjini Lawrence, awe msimamizi wa ibada na mwalimu wa viungo. Humo alikaa maisha yake yote, isipokuwa alipokwenda mpakani mwa Mexico mwaka 1916 kama kasisi wa jeshi, na Ufaransa kuwahudumia askari katika Vita Kuu ya Kwanza.

Huko Kansas kuna jambo la kustaajabisha. Kati ya mwaka 1898 na 1907 aliiongoza timu ya chuo, ikashinda mechi 55 na kushindwa 60. Yeye aliyeuvumbua mchezo ndiye mwalimu pekee katika historia ya timu hiyo ambaye kushindwa kwake kumezidi kushinda. Hakuona uchungu. Mwanafunzi wake Forrest Allen, aliyeitwa Phog, alipopata kazi ya kufundisha timu, Naismith alimwambia kwamba mchezo huu haufundishwi, huchezwa tu. Allen hakukubali. Alirudi Kansas akaiongoza timu mpaka mwaka 1956, akashinda mechi 590, na mwaka 1927 walimu wa mchezo huo walipounda chama chao yeye ndiye aliyekuwa rais wa kwanza.

Nani alikuwa na haki? Sisi twaona kwamba Allen alithibitisha kuwa ualimu wa timu ni ufundi wenye elimu yake, nao hujifunzwa kama ufundi mwingine. Hapo mwalimu alipitwa na mwanafunzi wake. Lakini Naismith aliona hatari ambayo wengi hawajaiona hata leo. Timu ikiwa yote, wale vijana 10 au 12 hulelewa, na mamia wengine chuoni huachwa wakae wakishangilia. Yeye alitaka kila mwanafunzi aucheze mchezo, mwenye kipaji na asiye nacho. Shule yenye kikombe kabatini na wanafunzi wasioweza kukimbia mbio fupi bila kuhema haijafundisha elimu ya viungo.

Sasa twafika penye jambo kubwa kuliko vikapu. Mwaka 1933 kijana mweusi wa Kansas, John McLendon, aliingia chuo hicho kusomea elimu ya viungo, akitaka kuwa mwalimu wa mpira wa kikapu. Baba yake alikuwa amemwagiza amtafute Naismith awe mshauri wake. Naismith alimpokea. Lakini timu ya chuo ilikuwa ya wazungu tupu, na McLendon hakuruhusiwa kuichezea hata siku moja. Alisoma mchezo kwa mtu aliyeuvumbua, katika jumba ambalo hakukubaliwa kuuchezea.

Palikuwa na dhuluma nyingine. Kanuni ilitaka mwanafunzi ajue kuogelea, lakini wanafunzi weusi walikuwa wakipewa alama bila kuingia majini, ili bwawa libaki la wazungu. McLendon alikataa zawadi hiyo ya aibu, akaingia bwawani akaogelea. Wakubwa wakayatoa maji yote. Hakurudi nyuma, na Naismith alikuwa upande wake, hata mwisho bwawa likafunguliwa kwa wote. Mzee huyo alimsaidia pia kupata mahali pa kufanya mazoezi ya ualimu katika shule ya mji wa Lawrence, na kuendelea na masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha Iowa. Mwaka 1936 McLendon alifuzu, mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya elimu ya viungo katika chuo kile. Miaka 21 baadaye timu yake ya chuo cha Tennessee A&I ilianza kushinda ubingwa wa taifa wa vyuo vya N.A.I.A., ikaushinda miaka mitatu mfululizo, 1957, 1958 na 1959, jambo ambalo hakuna mwalimu wa vyuo aliyekuwa amelifanya kabla yake.

Mwaka ule ule wa 1936 mpira wa kikapu uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mjini Berlin. Naismith, akiwa na umri wa miaka 74, hakuwa na nauli. Walimu wa mchezo na wapenzi wake walichanga fedha wakampeleka. Alirusha mpira wa mechi ya kwanza, baina ya Estonia na Ufaransa, mbele ya timu za nchi 21. Fainali ilichezwa nje, katika mvua na tope, Marekani ikaishinda Kanada 19 kwa 8. Yaani nchi aliyozaliwa na nchi aliyopata uraia wake mwaka 1925, na yeye ndiye aliyewapa medali. Tukumbuke pia kwamba mji ule ulikuwa chini ya watawala waliohubiri ubora wa taifa moja juu ya mengine. Mzee aliyewaletea mchezo alikuwa ametoka kumsimamia mwanafunzi mweusi aliyefungiwa bwawa. Hapana hotuba aliyoitoa iliyoweza kuwajibu kama maisha yake.

Alistaafu mwaka 1937, akafa mjini Lawrence tarehe 28 Novemba 1939 kwa kuvuja damu katika ubongo. Alikuwa na miaka 78. Mchezo wake umefika kwetu pia, na mwaka 2009 kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote walioingia ligi kuu ya Marekani mwaka huo.

Yatupasa kujifunza nini? Mkuu wa shule anayemkabidhi kipindi cha michezo mwalimu yeyote asiye na kazi saa hiyo, ajue kwamba Springfield walitumia mtu aliyesoma, na hata huyo alihitaji siku 14 za kushindwa. Anayelia kwamba hakuna vifaa, akumbuke vikapu viwili vya matunda na mpira wa kuazima. Mfanyakazi aliyeacha shule mapema, amtazame mkata magogo aliyerudi darasani. Naye kijana anayesomea elimu ya viungo leo asione haya. Aisome anatomia, aisome nafsi ya mwanadamu, aujue mwili kabla ya kuuamrisha. Kisha, darasa lake likimkataa, aanze kwa kuyachunguza mafundisho yake, na akimwona mwanafunzi amezuiliwa mlangoni, asimpe alama za bure, bali asimame naye mpaka mlango ufunguliwe.